Lindo la Sekiteke

Haya, wajukuu, sogeeni. Ilikuwepo zamani, tena zamani yenyewe ilikuwa bado changa.

Siku aliyorudi askari Sekiteke walikuwepo hawa: Namwenzi mkewe, Kilua binti yao, aliyeachwa mgongoni na sasa amempita mama yake kimo, jirani Mweta, ambaye hajawahi kukosea saa ya chakula, na jogoo, ila yeye alikuwa chunguni.

Sekiteke alilinda mlango wa mfalme tangu ujana. Akasimama juani, akasimama mvuani, akasimama mpaka ndevu zikaingia mvi. Mfalme akiingia, akitoka, hata salamu hampi. Askari alipochakaa akaambiwa, nenda kwenu. Akaja, na mkuki wake.

Namwenzi akasonga ugali, akapakua, akatandika mkeka. Desturi ya pale, baba asipomega tonge la kwanza, hakuna anayekula. Basi wakamngoja baba. Na baba yuko wapi? Kasimama mlangoni, kifua mbele. Wao wanamngoja yeye, yeye anangoja amri. Ugali unapoa.

Mweta akanong'ona kwamba mfalme kawarudishia nguzo. Kilua akainamisha uso. Namwenzi akaliona hilo, likamchoma. Amngoje mume miaka yote ile, aje achekwe mbele ya bintiye? Na akimwamuru kula, si ndiyo aibu zaidi? Akakumbuka neno aliloambiwa na mumewe walipokuwa vijana, kwamba mlinzi haondoki mpaka mwenzake aje kumpokea lindo.

Akapangusa unga mikononi, akakaza nguo kiunoni, akaenda kusimama ubavuni mwake.

"Baba Kilua, zamu yangu imefika. Nipe mkuki."

"Umekuja kunipokea?"

"Nimechelewa, mwenzangu. Nisamehe."

Sekiteke akampa mkuki. Magoti yakakunjika polepole, kama yanajifunza. Akanawa, akamega tonge, akautazama mlango kama anayeomba ruhusa. Kilua akamsogezea mchuzi huku akitazama pembeni, ili baba asijue kwamba ameonekana.

Akala, akasinzia palepale. Mweta naye akala, wala hakuuliza nani analinda. Namwenzi alisimama na njaa yake mpaka Kilua alipokuja kuupokea mkuki.

Basi, wajukuu, mtu aliyeamriwa maisha yake yote, msimcheke akishindwa kukaa. Mpokeeni. Kisa nimekitua hapo. Atakayekibeba, akibebe kwa mikono miwili.

Sekiteke alilima mihogo mpaka alipofariki, na hakuna mfalme aliyemwita tena.