Meza Iliyoziba Mlango

"Meza ikikunjuliwa, hasira haina mlango." Methali hii mmeisikia leo harusini mkacheka, halafu mnaniuliza ilitoka wapi. Ilitoka hapa hapa Tukuyu.

Mzee Mwaisaka alitaka kutoka, na meza ilikuwa imeziba mlango.

Meza ile ilitengenezwa na Lugano, fundi seremala aliyekuwa akimposa Tusekile. Sebule ya kina Tusekile ni ndogo, hivyo alitengeneza meza nyembamba yenye mbawa mbili za bawaba. Ukizishusha, meza inakaa ukutani. Ukizikunjua, wanakula watu wanane.

Siku ya posa mvua ilinyesha. Tukaingia, mlango ukafungwa, mbawa zikakunjuliwa. Chakula kilipitishwa dirishani kutoka jikoni. Mimi ndiye niliyepokea masufuria.

Watu wananawa, mshenga wa Lugano akakurupuka, "Sasa, ng'ombe wangapi?"

Kwa kina Tusekile mahari haitajwi kabla ya kula. Mwaisaka, baba mkubwa wa Tusekile, akainuka. Baba mzazi alikwisha kufariki, kwa hiyo bila yeye hakuna ndoa.

"Nimekuja kuozesha binti, sikuja mnadani. Fungueni mlango."

Mlango ule ulifungukia ndani. Ukagonga meza, ukakwama. Kuushusha ubawa kulitaka vyombo viondolewe, navyo vilijaa ndizi na kuku, vinafuka moshi.

"Pitia dirishani, mwanangu," akasema mama yake, Bibi Atupele. "Ila tumbo hilo utaliacha ndani."

Hakuna aliyethubutu kucheka.

"Au kula, vyombo vipungue, utoke."

Mwaisaka akaketi, akala kwa hasira. Paja la kwanza akalitafuna mpaka mfupa. La pili, akauliza, "Nani kapika?"

"Mimi, baba," Tusekile akajibu dirishani.

"Na meza hii ya kufungia watu?"

"Mimi, baba," akasema Lugano.

"Fundi gani asiyepima mlango?"

"Niliipima ikiwa imekunjwa."

Mwaisaka akacheka mpaka akapaliwa. Alipopata pumzi akamgeukia mshenga. "Haya, kidomodomo. Sasa wataje hao ng'ombe wako."

Bibi Atupele akagonga meza kwa kidole. "Mmeona? Meza ikikunjuliwa, hasira haina mlango."

Mbali na ng'ombe, ndoa ile iligharimu majogoo wawili, mkungu mmoja wa ndizi, na asubuhi moja ya Lugano, aliyerudi kuugeuza mlango ufungukie nje.