Matanga ya Mama Aliye Hai

Hapo zamani za kale, enzi ambazo wanyama walifagia nyua zao na kusengenyana kama sisi, Pimbi alikuwa ameketi juu ya jiwe lake akiota jua. Chini yake, kwenye nyasi, mtoto wa paa alikuwa amelala kimya. Kila asubuhi mama yake alikuwa akimficha hapo, anakwenda malishoni, kisha anarudi kumnyonyesha. Pimbi alilijua hilo, maana walikuwa majirani.

Mara, puu! puu! puu! Tembo akatokea, na nyuma yake Fisi.

"Maskini, yatima!" Tembo akapaza sauti. "Nampeleka kwangu nikampikie uji."

"Uji wa nini, Mzee? Wewe una shughuli nyingi," akasema Fisi huku akifuta udenda. "Niachie mimi. Kwangu wameingia mayatima wengi."

Hapo Fisi hakusema uongo. Waliingia, ila hakuna aliyewahi kuwaona wakitoka.

Pimbi akainuka juu ya jiwe lake. "Shikamooni, wazee wangu. Huyo si yatima, msimguse. Mama yake yuko malishoni, atarudi."

"Kwe-kwe-kwe! Kitu cha ukubwa wa ngumi kitufundishe huruma?" akacheka Fisi. Tembo naye akaanza kunyoosha mkonga.

Pimbi akaona ukweli hauna soko pale. Akajipiga kifua, akaangua kilio.

"Uuuwi! Kumbe mama yake amekufa! Na matanga hamjaweka? Wazee wazima mnabeba yatima kabla ya kumlilia marehemu! Majirani watasemaje?"

Tembo akarudisha mkonga upesi. Wanyama wa nyika ile waliogopa maneno ya majirani kuliko simba.

"Kweli kabisa," akasema. "Tukae wapi?"

"Kule kichuguuni, mbali, mtoto asisikie msiba wake. Na atakayelia kwa sauti kubwa zaidi ndiye mlezi."

Lo! Fisi alikuwa kichuguuni kabla Tembo hajageuka. "Ole wangu! Rafiki yangu! Tulikula sahani moja!" Tembo naye akalia, paaa! paaa! hata ndege wakahama miti.

Kilio kikafika malishoni. Mama Paa akaja mbio, ta! ta! ta! akasimama mbali kidogo.

"Jamani, poleni. Nani amefariki?"

Fisi alikuwa amefumba macho, akajibu kwa kwikwi: "Mama wa yule mtoto wa nyasini, dada. Amefia mikononi mwangu. Neno lake la mwisho lilikuwa, 'Mwanangu apewe Fisi.'"

"Yule mtoto ni wangu," akasema Mama Paa. "Na mimi nilikwenda kula majani tu."

Fisi akafumbua macho. Tembo akaona haya mpaka masikio yakamlegea.

Mama Paa hakungoja rambirambi. Akapiga mluzi, mtoto akachomoka nyasini, na wote wawili, fyuu! wakatokomea. Fisi akainuka awafuate, lakini mkonga ukamkamata mkia.

"Wapi wewe? Keti," akasema Tembo. "Matanga hayajaanuliwa."

Fisi akaketi, akalia upya, na safari hii machozi yalikuwa ya kweli.

Basi, wanangu, mkimkuta mtoto wa porini peke yake, mtazameni kwanza kwa mbali, maana huruma ya pupa huzaa yatima.