Kiboko Apewa Tawi Lake

Sogeeni!
— Tumesogea!
Masikio mnayo?
— Mawili mawili!
Basi paukwa!
— Pakawa!

Hapo kale wanyama waliandika pamoja programu ya kompyuta ya kulinda kisima. Programu ikimtaja Chura, geti linamfungulia Chura. Ikimtaja Pundamilia, linamfungulia Pundamilia. Ilikuwa mali ya wote, na desturi yao ilikuwa moja: maandishi yanayoendesha geti huitwa shina, na shina haliguswi ovyo. Ukitaka kubadili kitu unatoa nakala yako, ndiyo tawi. Unaandika humo, mwenzako anakagua, akiridhika ndipo linaunganishwa na shina.

Ufunguo wa shina alikuwa nao Kiboko. Kwa nini? Kwa sababu ya tumbo tu, na msiseme nimesema mimi.

Kiboko na tawi wapi na wapi! Aliingia shinani moja kwa moja, ta-ta-ta! "Kiboko kwanza." Kesho yake, ta-ta-ta! "Kiboko tena." Geti kriii! Kiboko akanywa, gubu gubu gubu, mpaka kisima kikabaki tope. Nguchiro akarudi kwa watoto wake na kibuyu kitupu. Watoto wakalia, ndimi zimekauka.

Nguchiro akajifunga kanga, huyo kwa Kiboko.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba. Una nini, kijitu wewe?"

"Nina aibu, Mheshimiwa. Mkubwa kama wewe kuandika shinani, anapopita hata Chura na matope yake! Nimekutengenezea tawi. Linaitwa Tawi Kuu la Mheshimiwa Kiboko Mwenye Kisima."

"Jina lote hilo langu?"

"Lote. Na haingii mwingine."

"Hata Tembo?"

"Hata Tembo agaegae chini!"

Kiboko akacheka hadi masikio yakamtikisika. "Nataka hivyo hivyo. Asiingie mtu! Na ufunguo huu wa shina?"

"Funguo ni kazi ya mabawabu, Mheshimiwa. Nipe mimi nihangaike nao."

Akampa! Jamani, akampa!

Kiboko akahamia tawini. Ta-ta-ta! "Kiboko kwanza." Ta-ta-ta! "Kiboko peke yake." Huku nyuma Nguchiro akatoa tawi lake, akafuta upuuzi wote, fyu fyu fyu. Chura akakagua, wakaunganisha na shina.

Asubuhi Kiboko akafika kisimani, kifua mbele. Geti kimya. Akaja Nguchiro na watoto wake: kriii!

"Niliandika Kiboko kwanza!"

"Uliandika, Mheshimiwa, tena vizuri mno. Yako tawini kwako."

"Basi liunganisheni!"

"Mpaka mwingine alikague. Na wewe ulisema asiingie mtu."

Kiboko akaachama, na mpaka leo mkimwona majini ameachama vile vile, anatafuta jibu.

"Nifuate nyuma, bwana mkubwa," akasema Chura aliyekuwa akingoja zamu yake getini, "ila usinikanyage."

Basi wanangu, funzo ni hili: ombeni sana muwe wakubwa, maana mkubwa hupewa tawi zima, peke yake.

Ngano yangu imekunywa, imeshiba. Kibuyu osheni ninyi.