Zimwi Lililotaka Nafasi Tumboni

Paukwa!

Pakawa!

Itikieni vizuri. Anayesinzia akalale.

Hapo kale aliishi Siwatu, mwosha matumbo wa machinjioni. Kazi chafu, lakini kwa kuujua utumbo hakuna aliyemfikia.

Siku moja zimwi likamwiba binti yake, Chiku, likamtundika ndani ya tenga. Halikumla papo hapo, lilikuwa limevimbiwa. Basi Siwatu akajifunga kanga kiunoni, akalifuata mpaka pangoni.

"Nipe mwanangu."

"Huyu mtamu, namweka mwisho," zimwi likasema. "Nangoja nafasi. Tumbo lote limejaa utumbo, chakula nikiweke wapi?"

Siwatu akalitazama. "Kutoa utumbo ndiyo kazi yangu. Nikutolee?"

"Toa. Lakini huondoki. Nikivimbiwa tena, nakutafuna wewe."

Zimwi likanuiza maneno yake, tumbo likafunguka kama mkoba. Siwatu akaushika utumbo mwembamba, akavuta. Ukatoka, ukatoka, ukatoka, pango likajaa. Akaugeuza ndani nje, kama afanyavyo machinjioni. Akaona mikunjo, na juu ya mikunjo vinyweleo laini kama vya taulo. Ngozi yake nyembamba, mishipa ya damu imetanda kama wavu.

Siwatu alijua. Hapo ndipo chakula kinaponyonywa kikaingia damuni. Ndiyo maana mrefu, ndiyo maana una vinyweleo.

"Mbona unautazama hivyo?"

"Natazama takataka zako, bwana mkubwa."

Basi akaukata wote, akautupa nje ya pango, akaunga mfuko wa chakula na utumbo mpana, akashona kwa mwiba.

Siku ya kwanza zimwi likala mbuzi kumi. Likala, likala, likabaki na njaa.

Siku ya pili likala ng'ombe sita. Likala, likala, likabaki na njaa. Nyama iliingia huku ikatokea kule, vipande vizima. Siwatu ameketi, macho kwenye tenga, hata kope hapepesi.

Siku ya tatu mbavu zinahesabika. "Sasa mtoto," likasema. Likainua mkono. Mkono ukaanguka.

Siwatu akasimama, akamshusha Chiku.

"Nirudishie utumbo wangu," zimwi likanong'ona.

"Mbwa waliumaliza juzi," akasema Siwatu. "Twende, mwanangu."

Hadithi yangu imekomea hapo, na zimwi likakomea hapo hapo. Usitupe kitu kabla hujajua kazi yake.