Taa Iliyowaka Bila Mwenyeji

Usiamini taa, piga hodi. Mmenisikia nikimwambia hivyo fundi wa mtandao, mkacheka, na sasa mnataka kujua hodi na nyaya vinahusiana vipi. Haya, sikilizeni ilikoanzia, wala si habari ya kuchekesha.

Hospitali moja kule milimani ilikuwa na mashine ya kupiga picha za kichwa, lakini haikuwa na daktari wa kuzisoma. Picha zilitumwa kwa mtandao kwa bingwa aliyekuwa jijini. Kwa hiyo walivuta njia mbili: waya uliofukiwa kando ya barabara, na antena iliyoelekea mnara wa kilimani. Waya ukikatika, swichi, yaani mtambo wa kuchagua njia, ilipaswa kuhamia antena bila kuguswa na mtu.

Mkuu wa mitambo, Bwana Mwasaka, aliipanga swichi hiyo kwa mkono wake na kwa kiburi chake. Aliiagiza itazame taa tu: taa ya waya ikiwaka, njia ni nzima. Msaidizi wake, Atupele, alimweleza kwamba taa ile inajua habari za waya kutoka swichini hadi kisanduku cha ukutani tu, si ule wa barabarani. Aliomba swichi ipangwe kuuita mtambo wa jijini kila mara, na isipojibiwa ihame. Mwasaka akamwambia asimchezee mitambo. Atupele akaimeza hasira yake, chungu kama kwinini.

Asubuhi moja greda likachimbua barabara huko bondeni na kuukata waya. Saa hiyohiyo akaletwa mtoto Lugano, aliyegongwa na pikipiki, hajitambui. Picha ikapigwa, ikagoma kwenda.

"Mkuu, waya umekufa," Atupele alisema. "Niuchomoe hapa, swichi ihamie antena."

"Umekufaje na taa inawaka? Tatizo ni la jijini. Tusubiri."

"Tusubiri nini? Mtoto damu inamvujia kichwani."

"Mkuu hapa ni mimi. Usiguse."

Chai ya saa nne ikapita, Mwasaka bado yuko kwenye simu, na ile taa ya kijani inawaka bila haya. Atupele hakuweza tena. Alimsukuma kwa bega, akauchomoa waya. Taa ikazimika, swichi ikahama, picha ikaenda hapohapo.

Lugano alipasuliwa, akapona, ila mkono wa kulia haukupata nguvu tena. Bingwa alisema wazi kwamba walichelewa.

Baba yake, Ambakisye, akaja chumba cha mitambo. Atupele alimweleza yote mbele ya Mwasaka, bila kumfichia aibu.

"Kwa hiyo njia ya pili ilikuwepo muda wote ule?"

"Ilikuwepo, baba."

Ambakisye akamgeukia Mwasaka. "Kwetu hata mtoto akikuta taa inawaka ndani, haingii tu. Hupiga hodi akangoja kuitikiwa. Wewe mtu mzima ulikaa ukitazama taa. Usiamini taa, bwana. Piga hodi."

Siku hiyo Atupele aliipanga swichi upya bila kuomba ruhusa ya mtu.

Lugano sasa ni kijana. Huwapa wazee mkono wa kushoto, na wasiomjua humwona hana adabu. Mimi kila nikiupokea mkono ule hasira hunipanda upya. Ndiyo maana nawaambia, nanyi msicheke tena: usiamini taa, piga hodi.