Kidawa na Shikamoo ya Majini

Paukwa!

Pakawa!

Nyie watu wazima huko nyuma, midomo ina nini? Paukwa!

Pakawaaa!

Hapo zamani za kale, katikati ya ziwa, palikuwa na kisiwa cha panya kilichoitwa Kidonge. Kidogo hicho! Ukipiga chafya upande huu, wa upande ule anakuambia, "Afya!" Kila mwaka wanyama wa ziwa lile walishindana kuogelea, na Korongo, mwamuzi wao, aliita jina la kwao mshindi mara tatu, ziwa zima lisikie. Jina la Kidonge halikuwa limeitwa hata siku moja.

Basi huko Kidonge akazaliwa Kidawa. Panya yule akiingia majini, pwata pwata pwata, keshafika! Hakutaka kingine duniani ila kulisikia jina la kwao likiitwa.

Wazee wakaunda kamati. Mwenyekiti Buku, mnene. Makamu wake, mnene. Wajumbe, usiseme. Siku ya safari mtumbwi ukajaa kamati.

"Na mimi, mzee?" akauliza Kidawa.

"Wewe si unajua kuogelea, mwanangu? Tufuate."

Kidawa akafuata. Akafika hoi.

Korongo akatangaza: "Mtindo huru! Kila mtu aogelee apendavyo, bora afike kwenye matete."

Buku akamvuta Kidawa pembeni. "Huru ni ya kwao hiyo. Sisi tuna adabu. Ukimfikia mtu mzima, shikamoo kwanza. Na usimpite hujaitikiwa."

Chubwi! Pwata pwata pwata. Kidawa akampita Bata. Akampita Kenge. Hao vijana wenzake. Akabaki Kiboko, bingwa wa ziwa, mzee kuliko wote. Kidawa akainua kichwa.

"Shikamoo, babu!"

Kiboko kimya, anaogelea tu. Gubu, gubu, gubu.

"Shikamoo, babu!" Maji yakamwingia puani.

Kiboko akagusa matete, akageuka taratibu. "Marahaba, mjukuu wangu. Hujambo? Nyumbani hawajambo?"

Ziwa zima likacheka, hadi kambare kule chini. Machozi yakamtoka Kidawa, ila ndani ya maji nani atayaona? Kamati ikapiga makofi. "Adabu tumeionyesha!" Wakaenda kula.

Mwaka wa pili, vilevile. Shikamoo, gubu gubu gubu, marahaba. Kamati ikaongeza wajumbe.

Mwaka wa tatu Kidawa akawahi asubuhi. Akamkuta Kiboko ufukweni, anapiga miayo.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba," Kiboko akajibu bila kufikiri. Nchi kavu hakuwa na sababu ya kunyamaza.

Chubwi! Pwata pwata pwata! Bata nyuma, Kenge nyuma. Akamfikia Kiboko. Buku akapaza sauti kutoka ukingoni, "Msalimie, mtoto!"

"Nilishamsalimia, mzee!"

Pwata! Akagusa matete, pua yake mbele ya pua ya Kiboko.

Korongo akanyoosha shingo. "Nani kamfundisha binti huyu?"

"Sisi!" Kamati nzima ikasimama, vifua mbele.

"Hongereni. Basi ingieni, walimu, mtuonyeshe na sisi."

Buku akatazama maji. Makamu akamtazama Buku. Ziwa zima likangoja. Chubwi, chubwi, chubwi! Wakazama kama mawe. Ikabidi Kidawa awatoe mmoja mmoja, akiwavuta mikia.

Ndipo Korongo akaita: "Kidonge! Kidonge! Kidonge!"

Kidawa akasimama pale kwenye matete, anachuruzika maji, anatetemeka, akalisikia jina lote. Buku hakulisikia. Masikio yake yalikuwa yamejaa maji.

Wanangu, na nyie wakubwa, heshima ni kitu chema, lakini anayeitumia kumzuia mwenziwe asimpite, huyo hana heshima. Na anayetaka sifa za mwogeleaji, kwanza alowe.

Hadithi yangu imeishia hapo, ukingoni. Aliyelowa ajikaushe.