Bakuli Lililorudi Tupu

Waheshimiwa mlioketi mbele na mliosimama nyuma, walimu wetu, wazazi wetu, nanyi vijana wenzangu wa sekondari mliokuja na madaftari yenu: yafungeni, maana leo hatuandiki. Nimepewa kibali cha kusema, nami nakiomba tena kwenu, kwani masikio ni yenu. Nikisema "Paitwa", nanyi semeni "Pakaitika".

Paitwa.

Pakaitika.

Palikuwa na mteremko mmoja wenye vijiji viwili. Juu kiliitwa Vigae, na watu wake walifinyanga vyungu. Chini kiliitwa Madete, na watu wake walilima kunde na mpunga kandokando ya kijito. Vyungu vilishuka, kunde zikapanda. Hapakuwa na ua kati yao, wala hapakuwa na mtu aliyeuwaza.

Sikilizeni sasa desturi zao, maana ngano yote imelala humo.

Mtu wa Vigae akiletewa chakula na jirani, hula, huosha bakuli, hulipaka mafuta likang'aa, kisha hulirudisha tupu. Kulirudisha na kitu ndani ni kulipa, na mtu humlipa mtu baki. Ukimrudishia bakuli tupu, umemwambia: nitakuja kula kwako tena.

Mtu wa Madete akiletewa chakula, hula, huosha bakuli, kisha hutia kitu ndani kabla ya kulirudisha. Ikiwa kunde, kunde. Ikiwa mchele, mchele. Ikiwa hana kitu, atatia hata jani la mboga. Kulirudisha tupu ni kumtakia mwenzio nyumba tupu.

Yupi alikuwa sahihi? Mnanitazama mimi. Mimi ni msimulizi tu.

Basi Kanze, binti wa mama mfinyanzi wa Vigae aitwaye Nzingo, aliolewa na Tsuma, mwana wa mama mkulima wa Madete aitwaye Mbodze. Ilikuwa harusi ya kwanza kati ya vijiji hivyo, na watu walicheza mpaka vumbi likapanda mapaani. Harusi ilipokwisha, Kanze akaingia ndani kukaa fungate, kama ilivyowapasa maharusi. Akawa hatoki, haonekani, wala hajui kinachopita mlangoni.

Na kilichopita mlangoni ni mabakuli.

Nzingo alimpelekea mkwewe bakuli la wali. Mbodze akala, akashukuru, akalijaza kunde, akalirudisha. Nzingo alipofunua kawa akaona kunde, akalifunika tena. Amenilipa, akawaambia jirani zake. Binti yangu hajatoka ndani, na huyu amekwisha nilipa kama mchuuzi.

Siku hiyohiyo Mbodze naye alikuwa amempelekea mkwewe bakuli la mchele mpya. Nzingo akaupika, akala, akashukuru, akaliosha bakuli, akalipaka mafuta, akalirudisha tupu. Mbodze alipofunua kawa akarudi nyuma hatua moja. Ananitakia njaa, akawaambia jirani zake. Mwanangu amemwoa binti yake, na huyu ananitakia njaa.

Kila mmoja akajaribu tena, ili ahakikishe. Kila mmoja akahakikisha. Mwishowe mabakuli yakakoma njiani: la Nzingo likabaki kwa Mbodze, la Mbodze likabaki kwa Nzingo, na hakuna aliyetuma mtu kulidai la kwake.

Jambo lilikuwa la wanawake wawili. Likawa la vijiji viwili. Kisha likawa la tangu mababu. Madete wakakumbuka kuwa watu wa Vigae hawakuangalii machoni wanapozungumza. Vigae wakakumbuka kuwa watu wa Madete hucheka hata matangani. Aliyesema kwamba fulani wa upande wa pili ni mwema alijibiwa kuwa huyo ni yeye tu, wenzake wote sivyo. Aliyesema kwamba fulani ni mbaya hakujibiwa kitu. Watu waliitikia kwa vichwa, wakasogea kumpa nafasi aketi.

Na ndipo akaja Gunga.

Gunga alikuwa msuka nyua, mtu wa kutoka mbali, mwenye kamba begani na ulimi laini. Alisuka ua wa matete kati ya vijiji, na mchana alikula Vigae, jioni akala Madete. Katika nchi ile yote, ni yeye peke yake aliyekula pande zote mbili.

Nisimzulie: Gunga hakusema uongo hata siku moja. Alisema alichosikia, ila alisema nusu. Mbodze aliwahi kunung'unika kwamba bakuli lile halitaki nyumbani mwake, lakini binti waliyempa ni mboni ya jicho lake. Gunga akapanda na nusu ya kwanza. Nzingo aliwahi kuapa kwamba hatatia mguu Madete mpaka binti yake ajifungue. Gunga akashuka na nusu ya kwanza. Kila nusu ilipofika, watu walimwagiza asuke zaidi.

Ua ukafika magotini. Watu wakauruka.

Ua ukafika kifuani. Watu wakachungulia.

Ua ukapita utosini. Watu wakaacha kuonana, na tangu hapo kila upande ukaanza kuuona upande wa pili vibaya kuliko ulipokuwa ukiuona kwa macho.

Paitwa.

Pakaitika.

Lilibaki pengo moja tu, pana kiasi cha mtu mwenye mzigo. Wakubwa wa pande zote mbili wakapatana, na hilo ndilo jambo pekee walilopatana mwaka ule: mpunga ukishavunwa, pengo lizibwe, na kila mtu awe kwao.

Kila mtu awe kwao. Lakini Kanze kwao ni wapi? Alikuwa mja mzito. Akibaki Madete, angejifungua bila mama yake, wala asingemwona tena. Akirudi Vigae, mtoto angezaliwa bila baba. Tsuma, mumewe, alikuwa mtu wa maneno machache, na siku zile yalimwishia kabisa. Alikaa mlangoni akinoa jembe ambalo lilikuwa kali tayari.

Kanze akaanza kuuliza chanzo cha ua. Wengi hawakukikumbuka. Mzee mmoja alisema ni ardhi, mwingine akasema ni damu. Alipolisikia jambo la mabakuli akashika kiuno, maana alizifahamu desturi zote mbili: moja alilelewa nayo, ya pili aliolewa nayo.

Akaenda kwa Mbodze, akamweleza. Mbodze akamsikiliza mpaka mwisho, akamwambia kwamba hamlaumu, kwani damu ya mtu humtetea mama yake.

Akapanda kwa Nzingo, akamweleza. Nzingo akamsikiliza mpaka mwisho, akamwambia kwamba hamlaumu, kwani mwanamke aliyeolewa husema ya mumewe.

Akaomba kusema mbele ya wakubwa, pale pengoni. Vigae wakasema amekwisha kuwa wa Madete. Madete wakasema hajaacha kuwa wa Vigae. Wala hapakuwa na aliyemuuliza mwenyewe.

Ikawa kweli aliieleza mara tatu, na mara tatu ikarudishwa mikononi mwake. Basi Kanze akaacha kueleza.

Alimwendea Mbodze kwa upole, akamtajia kwamba bakuli la Vigae lingali rafuni, na kwamba pengo likizibwa litabaki humo milele. Mbodze akasema na litoke leo. Akalitwaa kwa hasira, akaliosha kwa hasira. Kisha akasita. Kulipeleka tupu ni kumtakia mtu njaa, na yeye, pamoja na hasira zote, hakuwa mtu wa kumtakia mwenziwe njaa. Akaingia ghalani, akalijaza kunde, akamkabidhi Kanze huku ameangalia pembeni.

Kunde zile, nawaomba mzikumbuke, zilikuwa na baka jeusi mgongoni. Zilimea katika shamba la Mbodze tu, pale kijito kinapopinda.

Kanze akaficha bakuli lile majanini karibu na pengo, akapanda kwa mama yake, akamtajia kwamba bakuli la Madete lingali jikoni mwake. Nzingo akasema na litoke leo. Akaliosha kwa hasira, akalipaka mafuta kwa hasira. Kisha akasita. Kutia kitu ni kulipa, na akimlipa mkwe amemkata, na binti yake anaishi nyumbani mwa mkwe huyo. Akamkabidhi Kanze bakuli tupu, linang'aa, huku ameangalia pembeni.

Mmeona wenyewe. Kila mmoja, akiwa katika kilele cha hasira, alishika adabu aliyofunzwa. Na adabu hiyohiyo ndiyo ingekuwa tusi upande wa pili.

Kanze akasimama pengoni na mabakuli mawili, moja tupu, moja la kunde. Hapakuwa na mtu. Akazimimina kunde kutoka bakuli la mama yake, akazitia katika bakuli la mamamkwe. Ni hilo tu alilolifanya. Akapeleka kila bakuli kwa mwenyewe, huku akiimba polepole:

*Bakuli nimelibeba, napita nalo pengoni,*
*Si zito wala si haba, mwaniuliza ya nini?*
*Huku kwetu, kule kwetu, mgeni wangu ni nani?*

Nzingo alipofunua kawa akaona bakuli tupu, safi. Akaketi. Mkwe ameacha kunilipa, akawaza, anataka nimpelekee tena. Akabandika wali.

Mbodze alipofunua kawa akaona kunde. Akaketi. Mkwe ameacha kunitakia njaa, akawaza. Akazipika jioni ileile, akala, akawaambia jirani zake kwamba kunde za Vigae ni tamu na hazina wadudu kama za Madete.

Wali ukashuka, bakuli likapanda. Mchele ukapanda nalo, wa shukrani. Kanze akaugeuza njiani, ukashuka tena Madete. Mabakuli yakaenda na kurudi, na kila yalipopita pengoni Kanze alihamisha alichohamisha, akaimba alichoimba. Mpunga ukaiva. Mpunga ukavunwa. Gunga akaja na tita la mwisho la matete.

Paitwa.

Pakaitika.

Watu walijaa pande zote mbili. Gunga alipoinama kufunga kamba, Mbodze akajitosa mbele, akashika tita. Alisema haifai kuziba sasa, wakati watu wa Vigae ndio kwanza wamestaarabika. Amewafundisha, nao wamefundishika.

Nzingo alikuwa upande wa pili, naye alisikia.

"Nani kamfundisha nani?" akasema. "Si wewe uliyekuwa ukinilipa kama muuza mkaa, mpaka nikakunyoosha?"

Minong'ono ikapanda kama maji ya kunde jikoni. Gunga akatabasamu, akakaza kamba. Kanze akaona kuwa hila yake yenyewe ndiyo inayolifunga pengo. Akikaa kimya limezibwa. Akisema, pengine akose mama wote wawili. Akaingia katikati na tumbo lake, akasimama palepale ambapo matete yangesimama.

"Mama Mbodze," akasema, "kunde ulizopewa zilikuwaje?"

"Tamu. Nimekwisha kusema."

"Zilikuwa na baka jeusi mgongoni?"

Mbodze akaliachia tita. Mtu mmoja wa Madete, anayelijua shamba la kijitoni, akaanza kucheka peke yake.

"Umenilisha kunde zangu mwenyewe," akasema Mbodze.

"Ndiyo, Mama. Nawe ukazisifu."

Hapo wakacheka wengi, wa juu na wa chini, isipokuwa wale wanawake wawili.

"Hakuna aliyemfundisha mwenzake," akasema Kanze. "Mama aliyenizaa hakubadilika, na mama aliyenipokea hakubadilika. Kila mmoja alinipa bakuli kwa heshima ya kwao. Mimi nilihamisha kunde tu. Mkitaka nichague kwetu, nimechagua: ni hapa niliposimama. Msuka nyua na anisuke humu ndani."

Nzingo akatazama matete. Kisha akamuuliza Mbodze, bila kumwangalia machoni, kama watu wa Vigae wasivyoangaliana, ikiwa ni kweli alisema bakuli lake halitaki nyumbani mwake.

"Nilisema hivyo," akajibu Mbodze. "Nikasema pia kwamba binti yako ni mboni ya jicho langu. Hilo halikufika? Na wewe uliapa hutatia mguu kwetu."

"Mpaka binti yangu ajifungue, ndivyo nilivyosema. Nilitaka nije kwa heri."

Wote wakageuka kumtazama Gunga. Gunga akasema kazi yake ni ua. Maneno aliyaokota njiani, na yaliyokuwa mazito hakuweza kuyabeba yote. Akafungua kamba yake, akaitupia begani, akaondoka. Mimi sijui aliko. Akibisha hodi kwenu, muulizeni nusu ya pili.

Hapakuwa na kukumbatiana. Mbodze hakusema na Kanze kwa siku kadhaa, na Nzingo alipanda kwake akinung'unika. Wala ua haukubomolewa. Mchwa waliula wenyewe, taratibu. Lakini pengo halikuzibwa. Tita la mwisho la matete lilitumiwa kukokea moto wa kupikia uji siku Kanze alipojifungua, na wakwe wawili walisimama juu ya chungu kimoja wakibishana kuhusu chumvi.

Mpaka leo, Madete hurudisha bakuli na kitu, na Vigae hurudisha bakuli tupu. Kila mara mpokeaji hukunja uso kidogo, hukumbuka, kisha hukunjua.

Paitwa.

Pakaitika.

Ngano nimeitua chini. Mwenye kuibeba aibebe; atakayesahau njiani aulizie kwa jirani. Mimi sikuitunga, nilipewa. Aliyenisimulia kwanza ni Bi Kache wa Mwagandi, siku aliyokuja kwetu kurudisha bakuli. Lilikuwa tupu, na mama yangu alilipokea kwa mikono miwili.